Harufu ya Paka na Mbwa Isiyotoka Ndani: Kuisaka Hadi Ilipojificha

Nyumba niliyohamia Kiseke, hapa Mwanza, ilikuwa imepakwa rangi mpya, na siku niliyokabidhiwa ufunguo sikunusa kitu zaidi ya rangi hiyo. Ilikuwa Agosti, kiangazi, vumbi tupu. Oktoba, mvua za vuli zilipoanza, chumba cha watoto kikaanza kunuka mkojo wa paka, na mimi wakati huo sikuwa na paka. Nilipiga deki kwa jiki asubuhi na jioni, nikafukiza udi, nikanunua dawa ya kupuliza yenye harufu ya limau. Kila usiku wa mvua uvundo ulirudi palepale. Miezi miwili ilipita kabla sijaelewa kwamba nilikuwa nikipigana na harufu, huku mkojo wenyewe sijautafuta hata siku moja.

Tangu hapo nimepiga magoti kwenye sakafu za ndugu na majirani wengi, na siku hizi mimi mwenyewe nina paka wawili na mbwa mmoja. Naandika haya kwa uchungu kidogo, kwa sababu nimeona mambo haya yanavyoishia: paka anatiwa kwenye kiroba na kwenda kutupwa sokoni, mbwa anafungwa mnyororo nje kwenye mvua, na nyumba inaendelea kunuka vilevile. Mnyama ameondoka, mkojo umebaki kwenye saruji.

Anza na pua, lakini usiiamini pua yako peke yake

Mtu anayeishi na harufu huacha kuisikia. Kwa hiyo usianze kazi ukiwa umeshinda ndani. Toka nusu siku nzima, nenda mjini, nenda ukae ufukweni, halafu ukirudi simama mlangoni na uvute pumzi ya kwanza kwa makini. Pumzi hiyo ndiyo yenye ukweli. Dakika chache baadaye pua imeshazoea. Au mwite mgeni asiye na aibu. Shemeji yangu ndiye aliyeniambia bila kuzunguka, "Dada, hapa nyuma ya mlango ndipo panaponuka, siyo huko unakosugua."

Kisha shuka chini. Harufu ya mkojo iko usawa wa miguu, na sisi tunanusa tukiwa tumesimama. Piga magoti, pita kando ya kuta, pembeni mwa milango, chini ya kabati. Ukipata mahali pa kushuku, lowesha kitambaa safi cha pamba, kikamue, kitandaze hapo, funika kwa mfuko wa plastiki, na ukiache saa moja. Kinuse ukiwa nje ya nyumba. Fanya hivyo sehemu tatu au nne na ulinganishe. Ni njia ya kizamani na haijanidanganya.

Njia ya pili inahitaji tochi ile ya mwanga wa zambarau ambayo mawakala wa pesa za simu hutumia kukagua noti bandia. Azima kwa jioni moja. Zima taa zote, subiri macho yazoee giza, mulika sakafu na kuta kwa karibu. Mkojo uliokauka hung'aa manjano au kijani hafifu. Sabuni ya unga nayo hung'aa, hivyo tochi inakuonyesha pa kunusa. Uamuzi ni wa pua. Zungushia chaki kila doa kabla hujawasha taa, la sivyo asubuhi utakuwa umesahau lilikokuwa.

Harufu inakuja mvua ikinyesha, au ukishapiga deki

Hii ndiyo kesi ninayoulizwa kuliko zote, na chanzo chake karibu kila mara ni sakafu iliyokunywa mkojo. Mbwa wa kilo 20 hutoa karibu nusu lita ya mkojo kwa siku, wakati mwingine zaidi. Ukimwagikia saruji mara kwa mara, hauishii juu. Saruji ina vitundu vingi vidogo, na hata sakafu iliyopigwa niru vizuri huanza kupasuka baada ya miaka; mkojo hufuata nyufa hizo na kulala chini ya niru. Kwenye tailizi hupita katika mistari ya saruji iliyo kati ya tailizi moja na nyingine. Maji yanakauka, chumvi za mkojo zinabaki. Kiangazi zinakaa kimya. Hewa ikijaa unyevu, chumvi hizo hunyonya maji, bakteria huamka, na harufu inapanda tena. Ndiyo maana sisi wa pembeni mwa ziwa tunadhani tatizo limekwisha kuanzia Juni hadi Septemba, kisha vuli inatuumbua.

Weka tone la maji juu ya sakafu ukaangalie. Likizama ndani ya dakika moja, sakafu hiyo inakunywa kila kitu.

Sasa kuna jambo la kikemia ambalo mpishi yeyote wa Mwanza tayari analijua bila kuliita kemia. Ukitaka kuondoa shombo ya sangara unatumia nini? Ndimu. Shombo ni ya jamii ya alkali, na asidi ya ndimu huishika isiruke hewani. Mkojo nao ni vivyo hivyo. Ndani yake kuna urea, hiyohiyo inayouzwa kama mbolea, na bakteria huigeuza kuwa amonia. Amonia ikikutana na asidi inatulia na kuwa chumvi isiyonuka. Ikikutana na alkali inaruka puani. Saruji yenyewe ni alkali. Majivu, chokaa na magadi ni alkali pia. Kwa hiyo yule bibi aliyekushauri umwage majivu kwenye kona inayonuka mkojo uliokwisha kuchacha alikutakia mema, lakini kwa kazi hii majivu yanaifungulia amonia mlango.

Jiki nayo niliitegemea mno, na naomba uiache. Ikichanganyika na amonia ya mkojo hutoa gesi inayochoma koo na mapafu. Ikichanganyika na siki hutoa gesi ya klorini, ambayo ni mbaya zaidi. Chooni kwangu nilitoka mbio nikikohoa machozi yakinitoka, na mtoto alikuwa chumba cha pili. Usirudie kosa langu.

Utaratibu ninaoufuata kwa sakafu ya saruji ni huu. Osha sehemu hiyo kwa sabuni ya kawaida na maji mengi, suuza, acha ikauke kabisa. Changanya siki kikombe kimoja kwa vikombe viwili vya maji, mwaga, subiri dakika kumi, suuza vizuri. Usizidishe muda, maana asidi hula saruji, na kwenye tarazo au marumaru ya mawe usitumie siki kabisa. Itaacha mabaka meupe yasiyong'aa tena.

Baada ya hapo tafuta sabuni ya unga ambayo pakiti yake imeandikwa kuwa ina vimeng'enya. Hivi ndivyo vinavyomeng'enya uchafu wenyewe, lakini vinafanya kazi polepole na vikiwa na maji. Koroga vijiko viwili vya chakula kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu ambayo mkono unayavumilia. Ya moto yanaviua, na jiki vilevile. Mwaga hadi palowe shubiri nzima kuzunguka doa, kwa sababu mkojo hutambaa chini kuliko unavyoonekana juu. Funika kwa nailoni, weka tofali pembeni, uache usiku mzima. Wengi hukosea hapa: wanasugua dakika tano na kufuta. Kama mkojo ulikaa miaka miwili ndani ya sakafu, dakika tano haziwezi kuufikia.

Suuza, kisha kausha kwa siku tatu au nne. Mchana upepo wa ziwa huvuma kuelekea nchi kavu, kwa hiyo fungua madirisha ya upande wa ziwa na mlango wa upande wa pili, hewa ipite moja kwa moja. Pakishakauka, lowesha kitambaa chako cha pamba urudie jaribio la mwanzo. Kama bado panatoa harufu, rudia. Sakafu yangu ilihitaji mara tatu.

Ikiwa harufu ni ya paka, na hasa ya paka dume, huenda amonia ikaisha na bado ukasikia ukali fulani wa kushikamana. Mkojo wa paka una kitu kinachoitwa felinini, kingi zaidi kwa madume wasiohasiwa. Chenyewe hakinuki, ila huvunjika kidogo kidogo na kutoa misombo ya salfa, ndiyo maana doa la paka linanuka zaidi wiki ya pili kuliko siku ya kwanza. Salfa hii siki haiiwezi. Inahitaji kitu cha kuioksidisha, yaani kuibadilisha kwa oksijeni. Mwaka 1993 mkemia wa Marekani, Paul Krebaum, alitoa mchanganyiko wa kuondoa uvundo wa mnyama wa kwao anayefanana na kicheche wetu, uvundo ambao nao ni wa salfa. Ni karibu lita moja ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, inayopatikana maduka ya dawa, robo kikombe cha bekingi soda, na kijiko kidogo kimoja au viwili cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Kwa kona moja ya chumba robo ya vipimo hivyo inatosha. Changanya wakati huohuo unapotumia, mwaga juu ya doa ambalo limeshasuuzwa siki yote, acha robo saa, suuza. Kinachobaki kimwage. Ukikitia kwenye chupa na kuifunga, gesi itaipasua. Na ujue kwamba inafifisha rangi ya vitambaa.

Ni baada tu ya sakafu kufaulu jaribio la kitambaa ndipo umwite fundi azibe nyufa, apige niru upya au apake rangi ya kuzuia maji. Ukiziba kabla, umeufungia mkojo ndani, na utaendelea kusikia harufu pembezoni, chini ya ukuta, mahali ambapo rangi haikufika. Nyumba yangu ya Kiseke ilikuwa imefanyiwa hivyo hasa.

Inachoma pua na macho, na ni kali zaidi asubuhi

Hapo angalia boksi la paka. Amonia imejikusanya usiku nyumba ikiwa imefungwa. Toa mavi na mchanga uliolowa kila siku, siyo pua ikilalamika. Wengi wetu tunatumia mchanga wa ujenzi uliochekechwa, na unafaa, ila haunyonyi sana, hivyo ubadilishe wote kila baada ya siku mbili tatu. Maranda ya fundi seremala yananyonya vizuri zaidi. Hakikisha hayatoki kwenye mbao zilizotiwa dawa ya mchwa. Beseni la plastiki lenyewe likishajaa mikwaruzo ya kucha linashika harufu isiyotoka, na bei ya beseni jipya ni ndogo kuliko usumbufu wake. Paka wawili wanahitaji maboksi matatu. Najua ni mengi kwa nyumba ya vyumba viwili, lakini wakigombea boksi moja, mmoja wao atahamia nyuma ya kochi.

Mama mjamzito asishike boksi hilo kama kuna mtu mwingine wa kulisafisha. Mavi ya paka yanaweza kubeba vimelea vya toksoplazima, ambavyo huhitaji siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza. Hiyo ni sababu nyingine ya kusafisha kila siku.

Nyumba inanuka shombo

Hapa Mwanza shombo inapewa hukumu kabla ya kusikilizwa: ni dagaa. Na mara nyingi ni kweli. Tunawapikia wanyama wetu dagaa na vichwa vya sato, mchuzi unamwagika, paka anaburuta kichwa cha samaki hadi chini ya kitanda akile kwa amani. Sogeza vitanda na makabati. Osha bakuli kwa sabuni kila wanapomaliza, pangusa sakafu kwa maji ya ndimu au siki iliyozimuliwa, na gunia la dagaa usiliweke ndani ya chumba cha kulala hata kama limefungwa kwa kamba saba.

Lakini kuna shombo isiyotokana na samaki kabisa, na hii imewaponza mbwa wengi wasio na kosa. Mbwa ana tezi mbili ndogo, kulia na kushoto, chini kidogo ya mkundu. Kwa kawaida hujikamua zenyewe anapokunya. Zikijaa bila kutoka, au mbwa akishtuka ghafla, hutoa majimaji yanayonuka kama samaki aliyeoza. Jirani yangu alikuwa ameacha kununua dagaa mwezi mzima, akabadilisha hadi mkeka, na harufu ikabaki. Nilimwuliza kama mbwa wake huburuta makalio sakafuni. Akaniambia, "Kila siku, watoto wanamcheka." Basi. Mbwa akiburuta makalio, akijilamba sana nyuma, na shombo ikatokea kwa vipindi vya ghafla hasa pale anapolala, mpeleke kwa daktari wa mifugo akamkamue. Ni kazi ya dakika chache. Ukiona uvimbe, damu au usaha pembeni mwa mkundu, usingoje wiki ijayo.

Mbwa ananuka hata akishaogeshwa

Kama anatoka kuogelea ziwani, harufu hiyo ya unyevu ni ya vijidudu vilivyo kwenye manyoya yake. Msuuze kwa maji safi, mkaushe vizuri, lala usingizi. Kama hajaogelea, usimuogeshe tena. Nusa masikio: yakiwa na nta ya kahawia na harufu ya kuchacha, ana fangasi au bakteria. Nusa mdomo: meno yenye ukoko na fizi nyekundu hutoa uvundo ambao sabuni ya mwili haiufikii. Pekua kati ya vidole na kwenye mikunjo ya ngozi. Kumbuka pia kufua kitambaa au gunia analolalia, maana mbwa msafi akilala kwenye gunia chafu anaamka anavyonuka gunia.

Kochi, godoro, zulia

Sponji ndiyo shida. Mkojo mbichi ukamuliwe kwa taulo kavu ukikanyaga kwa uzito wako wote, mara nyingi, kabla ya kumwaga chochote. Uliozeeka uufuate kwa maji yale ya vimeng'enya, kwa wingi uleule uliomwagika, halafu juani. Godoro nene lililolowa kupita juu hadi chini, kwa msimu wa masika, halitakauka kabla ya kuota kuvu. Nitasema kweli: hilo liache liende.

Sakafu haina kitu, ukuta ndio unanuka

Mulika ukuta, pembeni mwa mlango na karibu na dirisha, usawa wa goti kushuka chini. Michirizi inayoteremka ni ya paka dume anayeweka alama: anasimama, anainua mkia, anarusha mkojo kwa nyuma. Huenda siyo hata wa kwako. Wapo madume ya mtaani yanayopita usiku kwenye dirisha lisilo na wavu. Osha ukuta, weka wavu, na wa kwako mhasi. Madume wengi huacha tabia hiyo baada ya kuhasiwa, na mkojo wao hupungua ukali. Ukichelewa sana anaweza kuendelea kwa mazoea tu.

Inatoka juu

Harufu ikiongezeka mchana bati linapopata moto, na ukaona doa la kahawia kwenye siling'i bodi, acha kusugua chini. Huko darini kuna popo, au paka shume amezaa. Kinyesi cha popo kilichokauka usikifagie kikiwa vumbi. Vumbi lake linaweza kubeba fangasi wa kushambulia mapafu. Kilowanishe kwanza, vaa barakoa na glavu, kisha kizoe. Paka mwenye watoto mwache kwanza wakue kidogo na kuanza kutembea, halafu ukishahakikisha wote wametoka ndipo uzibe upenyo chini ya bati. Ukiziba na mmoja yumo ndani, utapata harufu nyingine ambayo hakuna siki ya kuisaidia.

Umesafisha kila kitu, na paka anarudi kukojoa palepale

Pua ya paka ni kali kuliko yako, na huenda bado anajisikia mwenyewe hapo. Rudia vimeng'enya, kisha weka bakuli lake la chakula juu ya mahali hapo kwa wiki mbili. Paka hapendi kukojoa mahali anapokula. Angalia pia kama dawa unayopigia deki ina amonia ndani yake, kwa sababu kwake inanuka kama mkojo wa paka mwingine aliyekuja kumnyang'anya nyumba.

Ila kama ni paka aliyekuwa na adabu miaka yote na ameanza wiki hii, achana na sakafu umtazame yeye. Anaingia boksini mara kwa mara? Anakojoa matone, yenye damu? Analia? Paka dume anayejikamua na mkojo hautoki amezibwa njia ya mkojo, na anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Huyo mpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii, hata kama ni jioni. Deki utapiga ukirudi.